Jina Lililokuwa Bado Kazini

Quinter Adoyo alikuwa mtu wa kompyuta katika shirika letu la kuchimba visima, hapa Thongpiny, mjini Juba. Kama hukuwahi kumsikia si ajabu, maana kazi yake ilikuwa ya aina ile ambayo watu huijua siku inapoharibika tu. Mimi naitwa Penina, mtunza stoo wa shirika hilohilo. Tuliishi naye nyumba moja Hai Malakal, tukagawana jiko, maji ya tangi na hasira za Juba. Naandika habari zake kwa sababu yaliyompata siku yake ya mwisho kazini yaliniacha mdomo wazi, na wanaonijua watakwambia mdomo wangu haujazoea kukaa wazi bila kusema kitu.

Alitoka Ugunja, upande wa Siaya. Mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mkali wa pilipili. Jumapili alikuwa kanisani akiimba sauti ya pili, Jumatatu alikuwa wa kwanza getini. Omena zake, wale dagaa wa ziwani, zilikuja kwa basi kutoka nyumbani, na akizikaanga jioni hata majirani tusioongea nao walikuja kuomba chumvi. Hakuwa mtu wa kujisifu, tena hilo lilinikera. Mara ngapi nimemwambia, "Quinter, katika hii Juba mtu asipojipigia debe hapigiwi," naye ananijibu kwamba debe tupu ndilo lenye kelele. Basi nanyamaza, kwa muda.

Alipofika, ofisi ilikuwa na seva ya barua pepe, yaani kompyuta isiyokaliwa na mtu, iliyofungiwa kwenye kachumba kenye feni, inayopokea barua za watu wote na kuzipeleka. Siku hizo mtandao wa setilaiti ulikuwa wa kubembelezwa, ndiyo maana shirika liliweka seva yake lenyewe ndani ya ua. Unaandika barua yako, seva inaishika, mtandao ukirudi inaisafirisha. Sisi tuliiita posta. Ubaya ni kwamba posta hiyo ilikuwa ya kuwashwa kwa mkono. Jenereta likizimwa na kuwashwa, kompyuta inaamka, lakini posta iliyomo ndani yake inaendelea kulala mpaka mtu aingie, aandike amri, na aache dirisha la ile amri wazi kwenye skrini. Ukilifunga dirisha, posta nayo inakufa. Quinter alibandika karatasi: USIFUNGE. Siku moja mama wa usafi, kwa moyo wake mwema, akapangusa kibodi mpaka dirisha likafungika, na shirika zima likakaa mchana mzima likingoja barua ambazo hazikuwa zinakuja.

Miaka hiyo watu walimpenda Quinter kuliko mshahara. Jenereta likikatika tu unasikia vichwa vikichungulia milangoni: "Madam Quinter yuko wapi?" Anapita na funguo zake, watu wanamfuata kwa macho, wanamletea mandazi. Hata bwana Trevor, meneja wetu wa utawala, Mkenya mwenzetu mwenye kutembea na kalamu mbili mfukoni, alikuwa akimsalimia kwa mikono miwili.

Halafu malaria ikamlaza. Timu yetu ilikuwa imekwama njia ya Terekeka na mashine iliyovunjika, wanaandika barua kuomba kipuri, na posta imelala kwa sababu mwenye kuiamsha amelala. Quinter alipanda boda na homa yake, akaja ofisini amejifunga leso kichwani, akaandika amri, posta ikaamka, yeye akatapika kwenye ndoo ya taka. Nilimfokea njia nzima ya kurudi nyumbani. Akaniambia, meno yakigongana, "Penina, hii haitarudia. Nitaifanya iwe huduma ya mfumo."

Sikujua ni mnyama gani. Alipopona alinieleza, tena vizuri, maana alikuwa na kipaji cha kueleza. Ndani ya kompyuta kuna msimamizi mkuu ambaye huamka kabla ya kila kitu. Unamwandikia maagizo machache: ngoja mtandao uamke kwanza, kisha washa posta, ikianguka iinue, na ufanye hivi kila mashine inapowaka, bila kumngoja mtu yeyote. Mstari mmoja wa maagizo hayo unasema posta ifanye kazi kwa jina la nani. Kwa sababu ndani ya kompyuta kila kazi hufanywa kwa jina fulani, na jina hilo ndilo linaloruhusiwa kugusa mafaili yake.

Wajuzi hutengeneza jina lisilo la mtu, la hiyo huduma peke yake. Quinter alilitengeneza. Aliliita posta. Lakini kwetu kulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa ya Trevor. Wakaguzi waliwahi kukuta mafuta ya magari yanaidhinishwa kwa akaunti isiyo na mtu, wakamwaibisha mbele ya wakubwa, na tangu siku hiyo kila kitu katika ua wetu kilipewa mwenyewe. Gari lina jina la dereva, jenereta lina jina la fundi, friji ya jikoni ina jina, hata ngazi ya kupandia tangini ilibandikwa jina langu. Na kila jina kwenye kompyuta lazima liwe la mtu mwenye kitambulisho cha kazi.

"Huyu posta ni nani?" Trevor alimuuliza, kidole kwenye skrini.

"Si mtu, bwana Trevor. Ni jina la huduma, ili isitumie jina la mfanyakazi."

"Ikiharibika nimuulize nani?"

"Mimi."

"Basi andika wewe. Kitu kisicho na mwenyewe sitaki kukiona hapa."

Quinter akalifuta lile jina la posta, akaandika quinter. Alinisimulia jioni ile akicheka, akageuza samaki, tukalala.

Siku ya majaribio nilikuwepo. Fundi alizima jenereta makusudi, ofisi ikanyamaza, kisha akaliwasha. Quinter alikaa kwenye kiti ameikalia mikono yake mwenyewe, asije akashawishika kugusa kibodi. Tukangoja. Simu yangu ikalia: barua imeingia. Hakuna aliyegusa kitu. Nilishtuka kweli, nikatazama kile kachumba kana kwamba kuna mtu ndani. Quinter alicheka mpaka machozi. "Sasa nina mtoto anayejiamsha mwenyewe kwenda shule," akasema.

Na ikawa hivyo kwa miaka. Posta iliamka, ikalala, ikaamka. Vita vya maneno vya ofisini vilikuja vikaenda, mabosi walibadilika, setilaiti mpya ikaletwa, na posta haikuanguka. Lakini angalia ubinadamu ulivyo. Hakuna aliyechungulia tena mlangoni kumtafuta Quinter. Mandazi yakakoma. Trevor akarudi kwenye salamu ya mkono mmoja, kisha ya nyusi. Mwanamke alikuwa ameifanya kazi vizuri hadi watu wakadhani hana kazi.

Wafadhili walipopunguza fedha na kusema tena kwamba nafasi ziwe za wenyeji, jambo ambalo kwa haki yake silipingi, Trevor alimwita Quinter ofisini. Mimi nilikuwa pale na karatasi zangu za stoo.

"Madam Quinter, nisaidie kuelewa," Trevor alisema. "Kwa siku nzima, wewe hasa unafanya nini?"

Quinter akafikiri. "Nahakikisha hakuna kinachotokea."

Trevor aliandika hilo jibu kwa kalamu yake mojawapo. Mkataba haukuongezwa.

Nilitaka kupigana. Quinter hakutaka. Alikuwa amekwisha kupata mahali: hospitali moja ya kanisa huko Kisumu ilihitaji mtu wa kompyuta, na mkuu wa utawala wa hospitali hiyo, mama Millicent, aliwahi kufanya kazi na shirika jingine hapa Juba, wakajuana kanisani. Mama yake Quinter ana mguu mbaya, hawezi tena kwenda kisimani, na kutoka Kisumu hadi Ugunja si mbali. Millicent alimwambia aje, kazi yake ipo. Nafasi hiyo ndiyo Quinter alikuwa akiishi kwayo wiki zile za mwisho. Alinunua hata viatu vyeupe, kwa sababu alisikia hospitalini hata watu wa kompyuta huvaa viatu vyeupe. Nikamtania kwamba wataishia kumpa sindano achome watu.

Wa kumrithi alikuwa mwenyeji, Ngor, kijana wa Bor aliyekulia Nairobi, Eastleigh, mwenye Kiswahili cha kule. Quinter alimfundisha bila kinyongo. Alimwonyesha waya, mitambo, nakala za akiba, kila kitu, isipokuwa ule mstari wenye jina lake. Hakuuficha. Alikuwa ameusahau. Jambo ambalo halijakusumbua kwa miaka mingi, nani analikumbuka?

Siku ya mwisho, Ijumaa asubuhi, aliaga ofisi moja baada ya nyingine, akanikabidhi laptopu ya shirika niirudishe stoo. Trevor hakungoja hata afike getini. Kwake mtu akitoka, jina lake linatoka, papo hapo. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Ngor, nami nimesimama hapo na laptopu mikononi.

"Boss, inagoma," Ngor alisema. "Inasema hii jina bado inatumika."

"Inatumika na nani? Si huyo hapo nje anaaga watu?"

"Haisemi na nani. Inasema tu kuna kazi inafanya."

"Lazimisha, bwana. Mtu ametoka."

Ngor akalazimisha. Jina likafutika. Posta, kwa kuwa tayari ilikuwa imeamka, iliendelea na kazi yake, na watu wakaendelea kuandikiana barua. Quinter alivuka daraja kwa raksha, yaani bajaji ya huku, na mabegi yake, akaenda Gumbo kwa Lillian, Mganda mwenye duka kando ya barabara ya Nimule, alale kwake ili alfajiri apande gari la kurudi nyumbani.

Mchana fundi alipumzisha jenereta kubwa akawasha dogo, kama afanyavyo kila siku. Kompyuta ikazimika, ikawaka. Posta haikuamka.

Mwanzoni tulingoja. Tulikuwa tumezoea kwamba inaamka. Kisha vichwa vikaanza kuchungulia milangoni, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka, na mtu akauliza kwa mazoea, "Madam Quinter yuko wapi?" Ngor alikuwa anatokwa jasho. Alisema posta inajaribu kuamka, inaanguka, inajaribu tena, inaanguka.

Trevor akasimama katikati ya ofisi, na maneno aliyoyasema yalinipiga usoni. "Ameitegea. Asubuhi ametoka, mchana imekufa. Hiyo si bahati mbaya, hiyo ni hujuma." Ngor alipotaka kuendelea kutafuta, akamkataza: "Usiguse. Huo ni ushahidi." Akaingia ofisini kwake, nikamsikia akigonga kibodi kwa hasira. Alipotoka aliniambia niende Gumbo na Fulgensio, mkuu wa walinzi wetu, tumrudishe Quinter na kupekua mabegi yake, "maana wewe Penina ni mwanamke."

Mimi. Nimpekue Quinter. Nilimtazama huyo mtu nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia peupe kwamba ana wazimu. Akasema nikikataa atapiga simu polisi waende wao, na Quinter kibali chake cha kazi kinaisha wiki ileile, nijue mwenyewe watamfanyia nini. Nikapanda gari. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata mkanda wa gari Fulgensio ndiye aliyenifungia.

Tulimkuta ameketi mbele ya duka la Lillian anachambua mchicha. Alitabasamu aliponiona, akidhani nimekuja kumuaga mara ya pili. Kisha akamwona Fulgensio nyuma yangu, na tabasamu likabaki pale usoni bila kazi.

"Posta imekufa," nikasema. "Trevor anasema umeitegea. Anataka mabegi yapekuliwe."

Hakuelewa. Alirudia neno moja moja. "Trevor. Anasema. Mimi."

Lillian alikuwa ameshatoka na mwiko mkononi. "Nyinyi natafuta nini kwa begi ya huyu mama? Huyu iko mgeni yangu. Yeye iko mwizi?"

"Malesh, samahani, sista," Fulgensio akasema, akitazama viatu vyake. "Mimi natumwa tu."

Watu wa barabarani wakaanza kusimama. Huko Gumbo pikipiki ikianguka tu watu hukusanyika, sembuse mwanamke kupekuliwa. Quinter aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akafungua mabegi yake mwenyewe akayamimina kwenye mkeka wa Lillian. Nguo za kanisani. Sufuria. Chupi zake, mbele ya madereva wa malori. Viatu vyeupe bado vimo kwenye karatasi yake. Sikugusa kitu. Machozi yalinitoka, nayasema bila aibu, na nilimtukana Trevor kwa Kikisii, lugha ambayo kwa bahati nzuri hakuna aliyeielewa pale.

"Hakuna kitu," Fulgensio akasema haraka. "Kalas, imeisha. Twende ofisi tu, mama, uongee na yeye."

Ndani ya gari Quinter hakulia. Alikuwa amekaa wima, macho mbele. Darajani tu ndipo aliponiuliza, "Ilikufa kabla ya jenereta au baada?"

"Baada."

Akaanza kuhesabu kitu kwa vidole.

Ofisini Trevor hakumruhusu kugusa kibodi. Akamwonyesha kiti mbali na meza, kama mtuhumiwa. Watu wamejaa mlangoni, wale wale wa mandazi. Quinter akamwambia Ngor kwa sauti yake ya kawaida, "Mwulize yule msimamizi mkuu wa kompyuta hali ya posta. Usisome lile neno jekundu la kosa peke yake. Shuka chini, soma mstari wa mwisho, usome kwa sauti."

Ngor akaandika. Akashuka. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri polepole, bila kumtazama mtu.

"Inasema imeshindwa kuanza. Inasema mtumiaji quinter hayupo."

Nimeona watu wengi wakishtuka katika maisha yangu, Juba si mahali pa kukosa. Lakini sijaona chumba kizima kikishtuka bila sauti. Na aliyeshtuka kuliko wote ni Quinter. Alishika shavu. "Mungu wangu," akasema. "Ni mimi. Nilisahau kwamba ni mimi."

"Madam, asubuhi ilituambia," Ngor akasema. "Ilisema hii jina bado iko kazi. Mimi ndio nililazimisha."

"Uliambiwa ulazimishe," nikasema mimi, kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Na aliyekuambia amesimama hapo."

Trevor akasema kitu kuhusu utaratibu. Quinter hakumsikiliza, alikuwa ameshaanza kazi, kwa mdomo tu, mikono mapajani. Alimwambia Ngor atengeneze jina jipya, posta, lisilo la mtu. Abadilishe ule mstari. Zile barua zenyewe hazikufutika, zimekaa kwenye folda ya jina lake la zamani, umiliki wake auhamishie jina jipya. Kisha fundi azime jenereta na kuliwasha. Trevor alitazama lile jina lisilo na kitambulisho cha kazi likiandikwa kwenye skrini, na safari hii hakuuliza huyu ni nani.

Jenereta likazimwa, likawashwa. Tukangoja. Simu zikaanza kulia, moja, nyingine, ofisi nzima, barua za mchana mzima zikiingia kwa pamoja. Watu wakapiga makofi. Mtu akamkumbatia Quinter. Nami nikacheka, mjinga mimi, nikadhani tumemaliza. Nikatoa simu yangu nione kilichoingia.

Barua ya juu kabisa ilitoka kwa Trevor.

Ni lazima nieleze desturi moja ya hapa. Wasimamizi wa mashirika wana orodha yao ya pamoja ya barua pepe, ya kuonyana: dereva fulani anauza mafuta, mlinzi fulani ameiba, msimwajiri. Unaandika mara moja, inafika kwa wote. Mchana ule, kabla hajatutuma Gumbo, Trevor alikuwa ameandika kwenye orodha hiyo, na nakala kwa wafanyakazi wote, kwamba Quinter Adoyo, Mkenya, ameharibu kwa makusudi mfumo wa barua wa shirika siku aliyoachishwa, na kwamba kila ofisi ijihadhari naye. Akabonyeza tuma kwa mazoea. Posta ilikuwa imekufa, barua haikwenda, ikabaki kwenye kompyuta yake ikisubiri njia. Naye akaisahau, kama Quinter alivyosahau jina lake. Sasa njia ilikuwa imefunguka.

Niligeuza simu nikamwonyesha Trevor. Rangi ilimtoka.

"Ngor, izuie," akasema.

"Imeenda, boss. Yote imeenda."

Quinter alichukua simu mkononi mwangu akasoma. Alisoma mpaka chini, kwenye anwani, kwa sababu yeye ni mtu wa kusoma mpaka mstari wa mwisho. Nikamwona akisimama kwenye jina moja. Millicent, wa hospitali ya Kisumu. Alikuwa ameondoka Juba siku nyingi, lakini kwenye orodha hiyo hakuna aliyewahi kumwondoa.

Simu yake Quinter ikalia kabla hajanirudishia yangu. Alitoka barazani kuipokea. Mlango ulikuwa wazi, tukamsikia sote.

"Ndiyo, mama Millicent. Shikamoo… Ndiyo, nimeiona… Hapana, mama, haikuwa hivyo… Ndiyo. Naelewa, ni hospitali… Ndiyo. Wagonjwa kwanza… Sawa, mama. Asante."

Alibaki barazani na simu mkononi. Nilimgeukia Trevor nikamwambia aandike barua nyingine sasa hivi, kwa orodha ileile, aseme ukweli. Alikubali kwa kichwa. Aliketi. Akaweka mikono kwenye kibodi. Kisha akasema hawezi kuituma hivihivi, kwa sababu kukiri kosa kwa jina la shirika ni jambo la kisheria, lazima makao makuu waisome kwanza na kuiidhinisha.

Nilimuuliza ile ya kwanza aliidhinishiwa na nani.

Alfajiri Quinter alipanda gari la Nimule. Siku hizi yuko Ugunja kwa mama yake, anachapia watu barua na kurekebisha simu sokoni, na viatu vyeupe amempa mpwa wake. Ngor humpigia, nami humpigia. Posta haijaanguka tena hata mara moja. Barua ya Trevor ya kumsafisha bado inangoja idhini, na kila nikimkuta koridoni namuuliza imefika wapi, naye kila mara hunijibu kwamba ipo njiani.